Ajali ya bodaboda huanza kabla ya safari

NI saa 12:00 asubuhi. Katika kijiwe cha bodaboda huko Kanyenye, mojawapo ya kata za Manispaa ya Tabora, abiria wa kwanza ameshafika na anataka kuwahi basi. Dereva anapangusa umande kwenye kiti, anapiga kiki mara mbili, injini inaitika na safari inaanza.

Katika dakika hiyo moja, hakuna aliyetazama tairi. Hakuna aliyejaribu breki ili kujua kama zinashika. Hakuna aliyegusa cheni. Kofia ngumu ya abiria, kama ipo, imening'inia kwenye usukani. Dereva na abiria wake wanaondoka wakiamini kwamba wako salama, kwa sababu tu jana walifika salama.

Hali hii si ya Kanyenye peke yake. Inaweza kuonekana Mwanza, Morogoro, Mombasa au Kampala. Inapotokea ajali, watu huzungumzia mwendokasi, ulevi au dereva wa lori, na mara nyingi husema kweli. Hata hivyo, ipo sehemu kubwa ya usalama wa pikipiki ambayo huamuliwa kabla magurudumu hayajaanza kuzunguka. Sehemu hiyo imo mikononi mwa dereva, abiria na mmiliki wa chombo, na ndiyo inayoelezwa katika makala haya.

Mji uliolelewa na usafirishaji

Tabora si mji mgeni katika kazi ya kubeba watu na mizigo. Wafanyabiashara Waarabu kutoka pwani walijenga makazi yao hapa mnamo mwaka 1852, wakati huo pakijulikana kama Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita hapa kuelekea Ujiji, na tawi lake jingine lilikwenda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Waliobeba shehena za nguo, shanga na pembe za ndovu walikuwa wapagazi, wengi wao wakiwa Wanyamwezi.

Kazi ile ilikuwa ngumu, lakini ilikuwa na kipimo. Mzigo wa mpagazi ulikuwa takriban frasila mbili, yaani kilo 30 na kidogo zaidi. Misafara iliamka mapema, ikatembea saa za asubuhi, kisha ikapiga kambi jua likiwa kali. Safari ya kutoka pwani hadi Tabora ingeweza kuchukua miezi miwili au mitatu, na mtu aliyekuwa akiifanya alijua kwamba mwili wake ndio mtaji wake.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na kupunguza kazi ya wapagazi wa masafa marefu. Safari fupi za mjini na vijijini zilibaki kwa miguu na kwa baiskeli, na katika miaka ya karibuni pikipiki imechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Jina lenyewe la bodaboda lilizaliwa katika mpaka wa Kenya na Uganda, eneo la Busia, ambako waendesha baiskeli walivusha watu kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine.

Hapa Tanzania, mwaka 2010 zilitungwa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji. Usimamizi wake ulikuwa chini ya Sumatra, ambayo mwaka 2019 nafasi yake katika usafiri wa nchi kavu ilichukuliwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (Latra). Aidha, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka kila anayeendesha awe na leseni ya daraja husika, na inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi.

Sheria zipo. Kilichopungua katika vijiwe vingi ni ile nidhamu ya mpagazi ya kujua kipimo cha mzigo na kutunza kinachomwingizia riziki.

Dakika 10 za asubuhi

Ukaguzi wa pikipiki hauhitaji fundi wala kifaa cha gharama. Dakika 10 zinatosha, na dereva aliyezoea huweza kutumia chini ya hapo. Ni vema ufanyike kila siku kwa mpangilio uleule ili kitu kisisahaulike, kwa mfano kuanzia mbele kwenda nyuma.

Kwanza ni matairi. Tairi lenye upepo mdogo hupasha joto, huyumbisha usukani na huisha haraka pembeni. Lenye upepo kupita kiasi hugusa ardhi kwa sehemu ndogo ya katikati na kushika barabara vibaya. Kiwango sahihi kimeandikwa katika kitabu cha pikipiki, na mara nyingi pia kwenye kibandiko kilichobandikwa na mtengenezaji, ambapo tairi la nyuma huhitaji upepo zaidi, hasa ukiwa na abiria. Baada ya upepo, tazama kashata. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vilivyowekwa kama alama. Kashata zikilingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha. Tairi kipara linaweza kuonekana zuri kwenye lami kavu, lakini mvua ya kwanza huliumbua.

Pili ni magurudumu. Pitisha kidole kwenye spoku ukitafuta iliyolegea au iliyokatika. Weka pikipiki kwenye stendi ya kati, shika gurudumu na ulitikise upande kwa upande. Likicheza, huenda beringi zimekufa au nati ya ekseli imelegea.

Tatu ni breki. Minya mkono wa breki ya mbele na ukanyage breki ya nyuma ukiwa umesimama, kisha sukuma pikipiki na ujaribu tena. Pikipiki nyingi zinazofanya kazi ya bodaboda zina breki za ngoma, ambazo hukazwa kwa nati ndogo kwenye gurudumu. Kadiri viatu vya breki vinavyolika, dereva huendelea kukaza nati hiyo. Hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa breki itaendelea kuonekana nzima hadi siku viatu vitakapokwisha kabisa. Ili kuzuia hilo, watengenezaji wengi wameweka mshale mdogo kwenye mkono wa breki kando ya ngoma. Mshale ukivuka alama yake wakati breki imekanyagwa, viatu vinapaswa kubadilishwa siku hiyohiyo.

Nne ni cheni. Ibonyeze juu na chini katikati ya sehemu yake ya chini. Kwa pikipiki nyingi za aina hii inapaswa kucheza sentimeta mbili hadi tatu hivi. Ikilegea kupita hapo, inaweza kuruka kutoka kwenye spoketi na kulifunga gurudumu la nyuma ghafla katikati ya safari. Ikikazwa mno, hukatika au kuua beringi. Jambo moja lisisahaulike kamwe: cheni haishikwi wakati injini inaunguruma. Vidole vingi vimepotea kwa kosa hilo.

Tano ni oili, ambayo hupimwa pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare. Mwisho ni taa kubwa, taa ya breki, indiketa, honi na vioo vya pembeni. Wapo madereva wanaovitoa vioo kwa kudhani vinaharibu sura ya pikipiki au vinagonga magari kwenye foleni. Dereva asiye na kioo hulazimika kugeuza kichwa kila mara, na kwa sekunde ile aliyogeuka, anaendesha bila kuona anakokwenda.

Breki ya mbele si adui

Madereva wengi huambiana kijiweni kwamba breki ya mbele humrusha mtu, hivyo hutegemea ya nyuma peke yake. Imani hii imechukua maisha ya wengi.

Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito wake huhamia mbele. Gurudumu la mbele hugandamizwa kwenye barabara na kupata nguvu zaidi ya kushika, huku la nyuma likiwa jepesi na kuanza kuteleza. Ndiyo maana, kwenye lami kavu, breki ya mbele hufanya zaidi ya nusu ya kazi ya kusimamisha pikipiki.

Hesabu rahisi inaonyesha tofauti hiyo. Pikipiki iliyo katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Tuseme mtoto anakatiza barabara. Sekunde moja hupita kabla dereva hajaanza kufunga breki, na mita 14 zimekwisha kwenda. Akitumia breki zote mbili ipasavyo kwenye lami kavu, anahitaji kama mita 14 nyingine ili asimame, jumla mita 28. Akitumia ya nyuma peke yake, anahitaji mita 25 au zaidi baada ya sekunde ile, jumla karibu mita 40. Tofauti ya mita 12 ni sawa na urefu wa basi kubwa.

Mwendo nao una hesabu yake. Kwa kilomita 80 kwa saa, sekunde ya kwanza pekee hula mita 22, na kusimama kwa breki zote huhitaji mita 35 zaidi, jumla mita 57. Mwendo haujafika hata mara mbili ya ule wa kwanza, lakini umbali wa kusimama umezidi mara mbili.

Breki ya mbele humwangusha dereva pale inapominywa kwa ghafla, usukani ukiwa umekunjwa au gurudumu likiwa juu ya mchanga. Njia sahihi ni kunyoosha pikipiki, kuachia mafuta, kuminya breki ya mbele polepole huku nguvu ikiongezwa, na kukanyaga ya nyuma kwa kiasi. Kwenye kona, mwendo hupunguzwa kabla ya kuingia wala si ukiwa ndani yake.

Ufundi huu haupatikani kwa kutazama wenzako. Mwaka 1981, Chuo Kikuu cha Southern California nchini Marekani kilitoa matokeo ya utafiti ulioongozwa na Harry Hurt kuhusu ajali 900 hivi za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Ulibaini kwamba asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali walikuwa wamejifunza wenyewe au kufundishwa na ndugu na marafiki. Ulibaini pia kwamba katika hatari, wengi walikanyaga mno breki ya nyuma na kuitumia kidogo ile ya mbele. Wengi wa madereva wetu nao wamefundishwa na rafiki, jioni moja, kwenye uwanja wa mpira. Tabora kuna chuo cha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (Veta), na kijana anayetaka kuifanya kazi hii kwa miaka mingi hatapoteza kitu akianza kwa kuuliza huko kuhusu mafunzo.

Utafiti huohuo ulionyesha kwamba katika ajali zilizohusisha gari jingine, theluthi mbili zilitokana na dereva wa gari kuingilia njia ya pikipiki, mara nyingi kwa kutoiona. Kwa hiyo kuwasha taa hata mchana, kuvaa koti linaloakisi mwanga na kukaa mbali na pembe ambazo dereva wa lori haoni ni sehemu ya uendeshaji wenyewe.

Mchanga, mbuga na reli

Barabara za Tabora zina tabia zake. Wakati wa kiangazi, njia nyingi za pembeni huwa na mchanga mwingi. Kosa la kawaida ni kuogopa na kufunga breki ya mbele ukiwa umeshaingia ndani ya mchanga. Inafaa kupunguza mwendo kabla, kuingia na gia ndogo, kusogeza uzito wa mwili nyuma kidogo, kushika usukani bila kuukakamaza na kutazama mbali, si kwenye gurudumu. Pikipiki itayumba kidogo, na hilo ni la kawaida.

Mvua zinaponyesha, kati ya Novemba na Aprili, udongo mweusi wa mbugani hugeuka kuwa utelezi na kujaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu likagoma kuzunguka. Lami nayo huwa na hatari katika dakika za mwanzo za mvua, kwa sababu vumbi na mafuta yaliyokusanyika huchanganyika na maji. Ukivuka dimbwi, gusa breki taratibu kwa umbali mfupi ili zikauke kabla hujazihitaji.

Tabora pia ni njia panda ya reli, ambako tawi la Kigoma na lile la Mwanza huachana. Chuma cha reli kikilowa huteleza kama sabuni, na tairi jembamba la pikipiki linaweza kuingia kwenye nafasi iliyo kando yake. Reli huvukwa kwa kuikabili wima, si kwa mshazari, bila kufunga breki wala kuongeza mafuta ukiwa juu yake. Kabla ya yote hayo, simama, tazama pande zote na usikilize.

Usiku huleta ng'ombe, mikokoteni isiyo na taa na baiskeli. Kanuni yake ni moja: usiendeshe kwa mwendo ambao hutaweza kusimama ndani ya umbali unaomulikwa na taa yako.

Kofia ngumu na abiria wake

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 1.19 walifariki kwa ajali za barabarani duniani mwaka 2021. Ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka mitano hadi 29. Kwa mwendesha pikipiki na abiria wake, kinga iliyothibitishwa vizuri zaidi ni kofia ngumu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2008 na mtandao wa watafiti wa Cochrane ulionyesha kwamba kofia hizo hupunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 hivi na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi.

Siri ya kofia hiyo haiko kwenye gamba la nje. Iko kwenye povu gumu lililo ndani, ambalo hubonyea na kumeza nguvu ya pigo kabla haijafika kwenye ubongo. Povu likishabonyea halirudi. Kwa sababu hiyo, kofia iliyopata pigo kubwa hubadilishwa hata kama kwa nje inang'aa. Kwa sababu hiyohiyo, kofia ya fundi ujenzi haimfai mwendesha pikipiki, kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya kitu kinachoanguka kutoka juu.

Kofia isiyofungwa mkanda huruka kabla kichwa hakijafika chini. Mkanda ukazwe hadi vidole viwili tu viweze kupita kati yake na kidevu. Kisha jaribu kuivua kofia kwa kuisukuma kutoka nyuma kwenda mbele. Ikitoka, si saizi yako.

Abiria wengi hukataa kofia ya kijiweni kwa kuhofia jasho na magonjwa ya ngozi, au kuharibu nywele. Hofu hiyo haipaswi kudharauliwa. Dereva anaweza kuifuta na kuianika juani kila siku, na abiria anaweza kuvaa kitambaa chepesi ndani yake. Anayepanda bodaboda kila siku angefanya vema kununua ya kwake.

Abiria ana wajibu mwingine. Apande kwa upande wa kushoto, kwa kuwa katika pikipiki nyingi ekzosi yenye moto iko kulia na huunguza ndama ya mguu. Mwenye kanga, dera au baibui akusanye nguo na kuzikalia, kwani ncha ikiingia kwenye cheni au spoku humvuta mtu chini. Kukaa upande kunapunguza uwezo wa abiria kujishikilia pikipiki inaposimama ghafla. Inapokata kona, abiria alale pamoja na dereva, asivutane naye. Akiona dereva amelewa au anasinzia, ashuke.

Ama kuhusu mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, hesabu yake ni ya uzito. Kwa pikipiki nyingi za ujazo wa cc 100 hadi 150, watengenezaji huweka kikomo cha mzigo wa kilo 130 hadi 150 hivi, dereva akiwemo. Dereva wa kilo 65 akipakia watu wawili wa kilo 60 kila mmoja, amefika kilo 185. Gurudumu la mbele huwa jepesi, usukani huyumba, na viatu vya breki vilivyotengenezwa kwa watu wawili hulazimika kusimamisha watatu. Mpagazi wa zamani hakuongezewa frasila ya tatu kwa sababu kulikuwa na haraka.

Kinachoua injini

Pikipiki inayofanya kazi ya bodaboda haitunzwi kama ile inayompeleka mwalimu shuleni na kumrudisha. Ikitembea kilomita 100 kwa siku, itafikisha kilomita 2,500 ndani ya siku 25. Kwa injini nyingi za aina hii, huo ndio wakati wa kumwaga oili. Anayesema nilimwaga mwezi uliopita huenda tayari amechelewa. Pikipiki nyingi zina mita ya kilomita iliyokufa, hivyo ni vema kuhesabu siku za kazi na kuziandika kwenye daftari.

Si kila oili inafaa. Katika pikipiki za gia, oili ileile hulainisha injini, gia na klachi. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano ambavyo hufanya klachi iteleze. Oili ya pikipiki hutambulika kwa herufi JASO MA kwenye chupa. Oili iliyokwisha kutumika isirudishwe kwenye injini wala kumwagwa ardhini, kwani huchafua maji.

Kwa vumbi la Tabora, chujio la hewa linahitaji uangalizi wa mara kwa mara. Likiziba, injini hukosa pumzi, hula petroli nyingi na kukosa nguvu. Likitolewa kabisa, kama wanavyofanya baadhi ya watu, vumbi huingia na kuisaga pistoni.

Cheni isafishwe kwa brashi na mafuta ya taa, kisha ipakwe oili nzito kila baada ya kilomita 500 hivi, na mapema zaidi baada ya mvua. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini isitumike, kwa kuwa imebeba chembe zinazokula cheni. Cheni ikibadilishwa, spoketi zibadilishwe pamoja nayo, kwani meno yaliyolika huimaliza cheni mpya kwa muda mfupi.

Nani anamlipa fundi?

Yote yaliyoelezwa hapo juu yanajulikana kwa mafundi wengi. Swali gumu ni kwa nini hayafanyiki, na jibu lake haliko kwenye gereji. Liko kwenye hesabu.

Madereva wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Wapo wanaopeleka hesabu ya kila siku kwa tajiri. Wapo walio kwenye mkataba, ambao hulipa kiasi fulani kwa siku au kwa wiki hadi chombo kiwe mali yao. Katika mpango wa kwanza, dereva huona pikipiki si yake na tajiri haioni kila siku, hivyo kila mmoja humsubiri mwenzake. Katika mpango wa pili, matengenezo mara nyingi ni ya dereva, lakini siku anayoshinda gereji bado inadaiwa hesabu. Matokeo yake ni yaleyale. Nati ya breki inakazwa mzunguko mmoja zaidi, tairi kipara linasukumwa wiki nyingine, na kazi inaendelea hadi saa za usiku ili kufidia.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Bei ya viatu vya breki ni ndogo mno ikilinganishwa na ya matibabu ya mguu uliovunjika, na lita moja ya oili si kitu mbele ya bei ya injini. Tajiri anayekwepa gharama ndogo leo anahatarisha mtaji wake wote, na dereva anahatarisha mwili ambao familia nzima inautegemea.

Ufumbuzi unaweza kuanza kwenye mkataba wenyewe. Uandikwe, na useme wazi mambo manne: nani analipia oili, matairi, cheni na breki, kwamba nusu siku ya matengenezo kila oili inapomwagwa haidaiwi hesabu, kwamba daftari la matengenezo litakaguliwa na pande zote mbili, na kwamba pikipiki inakabidhiwa ikiwa na kofia ngumu mbili, kama inavyokabidhiwa ikiwa na funguo. Bima isiyopungua ile ya kuwalinda watu wengine ni takwa la sheria, hivyo nayo isiachwe nje.

Vijiwe navyo vina nguvu. Kijiwe chenye uongozi kinaweza kukubaliana kwamba hakuna anayepokea abiria wa kwanza kabla ya ukaguzi wa asubuhi, na kwamba mwenye tairi kipara hapangiwi zamu. Spana moja, pampu moja na brashi moja vya kuchangia vinatosha kuanzia.

Turejee pale Kanyenye, saa 12:00 asubuhi. Abiria bado ana haraka ya basi. Dereva anamwomba asubiri kidogo, anainama, anabonyeza tairi, anatikisa cheni, anajaribu breki zote mbili, kisha anamkabidhi kofia na kuhakikisha mkanda umefungwa. Abiria asinung'unike. Dakika anazosubiri kijiweni ni chache kuliko siku ambazo angelala katika wodi ya Hospitali ya Kitete, na basi likimwacha leo, kesho lipo jingine.